Kukadiria mgandamizo wa hewa, kutoka Dar es Salaam hadi kilele cha Uhuru

Weka simu mbili mezani ukiwa Nairobi. Ya kwanza ifungue kwenye programu ya hali ya hewa: mgandamizo utaukuta umeandikwa 1,020 hivi. Ya pili, kama ni ya aina yenye barometa, yaani kipima mgandamizo, ndani yake, itakuambia 838. Tofauti ni hektopaskali 182, na hakuna simu iliyoharibika. Nimeshaona watu wakibishana juu ya namba hizi mbili mpaka chai ikapoa, kila mmoja akitetea simu yake.

Mwongozo huu ni wa kuipata ile namba ya pili, yaani mgandamizo halisi wa hewa mahali uliposimama, bila kuwa na barometa. Unachohitaji ni mwinuko wa mahali, kikokotoo, na kukumbuka kwamba sisi tunaishi kwenye joto. Hilo la mwisho ndilo vitabu vingi hulisahau, na ndilo lililonifanya niandike. Mifano yangu mingi inatoka kwenye njia ya Marangu, Kilimanjaro, kwa sababu mlima ule umepangwa kama umejengwa kwa ajili ya somo hili: kibanda cha Mandara kipo mita 2,720, Horombo mita 3,720, Kibo mita 4,720. Elfu moja, elfu moja, bila kupunja.

Kuhusu maneno: madarasani Tanzania utasikia "kanieneo", kwingine "shinikizo". Mimi nitasema mgandamizo. Kipimo ni hektopaskali, hPa, ambacho ni sawasawa na milibari ya zamani. Mgandamizo wa kawaida wa kimataifa kwenye usawa wa bahari ni hPa 1,013.25, yaani milimita 760 za zebaki. Fundi wa matairi yeye huongea psi, na kwake hPa 1,000 ni psi 14.5.

Hatua ya 1: Jua ni namba ipi unaitafuta

Ile 1,020 ya Nairobi haipo Nairobi. Ni namba iliyoteremshwa kwa hesabu hadi usawa wa bahari, kana kwamba chini ya jiji kuna shimo la mita 1,600 lililojaa hewa, na barometa imewekwa chini kabisa ya shimo hilo. Watabiri wa hali ya hewa hufanya hivyo kwa makusudi. Wasingefanya, ramani yao ingeonyesha milima tu badala ya hali ya hewa: Mbeya ingekuwa daima na "mgandamizo mdogo", Tanga daima na "mkubwa", na ujio wa mvua usingeonekana.

Kwa hiyo kama shughuli yako ni kulinganisha hali ya hewa ya leo na ya jana, tumia namba iliyoteremshwa. Lakini kama ni maji kuchemka, mapafu, injini, pakiti iliyofura au maharage yasiyoiva, unataka mgandamizo halisi wa mahali pale. Ukichanganya hizi mbili, hesabu zote zinazofuata ni bure. Programu nyingi za simu hazisemi zinakuonyesha ipi. Dalili ni rahisi: ukiwa juu ya mita 1,000 na namba inaanza na 10, hiyo imeteremshwa.

Hatua ya 2: Pata mwinuko

Ukiwa na kibao cha barabarani au cha hifadhi, kitumie. Uwanja wa ndege wowote una mwinuko uliopimwa vizuri: Jomo Kenyatta, Nairobi, ni mita 1,624; Entebbe mita 1,155 hivi; uwanja wa Kilimanjaro karibu mita 894. GPS ya simu nayo inafaa ukiipa dakika kadhaa nje, si ndani ya gari, ingawa inaweza kukosea mita kumi hadi ishirini au zaidi. Usihangaike nayo sana. Mita 20 ni hPa 2 tu, na utaona baadaye kwamba hewa yenyewe hubadilika zaidi ya hapo kati ya asubuhi na jioni ya siku moja.

Hatua ya 3: Chagua namba ya kuanzia

Pwani yetu si 1,013 mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, Dar es Salaam huwa karibu na 1,010. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, hupanda hadi 1,016 au zaidi. Kama huna habari yoyote, anza na 1,012. Mimi nimetumia hiyo humu mote.

Usianze na ile 1,020 ya Nairobi, nitaeleza sababu mbele.

Hatua ya 4: Kadirio la kichwani

Karibu na bahari, kwenye joto la Dar, kila mita 9 unazopanda zinakupunguzia hPa 1 hivi. Panda lifti hadi ghorofa ya kumi, mita 30, na umepoteza hPa 3 na ushee. Barometa ya simu inaliona hilo vizuri, jaribu, inafurahisha.

Hapo ndipo watu wengi huponzwa. Wanachukua "mita 9 kwa hPa 1" na kuipeleka hadi Kilimanjaro: 5,895 gawanya kwa 9 ni 655, toa kwenye 1,012, Uhuru inabaki na 357. Sasa, 357 ni namba ya kukaribia kilele cha Everest, karibu mita 3,000 juu zaidi. Watalii wangekuwa wanaletwa chini kwa machela kila asubuhi.

Kosa ni kwamba hewa haipungui kwa kiasi kimoja, hupungua kwa fungu moja. Kule juu hewa imeshakuwa nyepesi, kwa hiyo mita 9 zake zina uzito mdogo kuliko mita 9 za Kariakoo. Pale Uhuru unahitaji kupanda mita kama 16 ndipo upoteze hPa 1.

Basi kanuni ya kichwani ni hii: kila mita 1,000, bakiza asilimia 89 ya ulichokuwa nacho. Ukishapita mita 3,000, bakiza asilimia 88, kwa sababu hewa ya huko ni ya baridi zaidi. Kwa kipande kisichofika elfu, punguza asilimia 11 au 12 kwa uwiano wake.

Tuipeleke Uhuru tuone:

Usawa wa bahari: 1,012
Mita 1,000: 901
Mita 2,000: 802
Mita 3,000: 713
Mita 4,000: 628
Mita 5,000: 552
Zimebaki mita 895, ambazo ni asilimia 10.7: 493

Ni 493 kwa karatasi na kalamu. Hesabu ya makini tutakayoifanya sasa hivi inatoa 496. Kwa jambo linalofanyika ukiwa kwenye basi la Moshi, hiyo si mbaya hata kidogo.

Kanuni hii ina umri mkubwa. Tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer, shemeji wa mwanasayansi Blaise Pascal, alibeba bomba la zebaki, barometa ya enzi hizo, hadi juu ya mlima Puy de Dôme, Ufaransa, kupanda kwa takriban mita 1,000. Zebaki ilishuka kutoka karibu sentimita 71 hadi karibu 63. Piga hesabu: ni asilimia 12 hivi, na hakuwa na kikokotoo wala Pascal hakuwapo mlimani. Mwenzake mmoja alibaki chini na bomba la pili siku nzima kuhakikisha kwamba zebaki ya bondeni haikusogea. Hilo la bomba la pili ndilo la kuiga, nasi tutalirudia.

Hatua ya 5: Ingiza joto kwenye hesabu

Hapa ndipo pa kukaa kidogo.

Mara ya kwanza nilipopanda Uhuru na simu yenye barometa, nilikuwa nimeandika kwenye daftari namba ninayoitarajia, kwa kanuni ya kitabuni: 479. Alfajiri ile vidole vimekufa ganzi, nikaitoa simu kifuani, ikasoma 497. Nikaihukumu simu palepale kwamba baridi imeimaliza. Nikashuka nayo. Horombo kitabu kilisema 639, simu ikasema 652. Moshi mjini kitabu 911, simu 914. Yaani simu ilikuwa inazidi kitabu kwa 18, kisha 13, kisha 3. Kitu kilichoharibika hakiharibiki kwa mpangilio mzuri namna hiyo. Kosa lilikuwa la daftari.

Kanuni ya kitabuni inatokana na anga sanifu ya kimataifa, ambayo inadhani kwamba kwenye usawa wa bahari joto ni nyuzi 15, na kwamba linapungua kwa nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Ni anga ya nchi za wastani, kule kwenye majira manne. Tanga haijawahi kujua nyuzi 15 ni nini. Sasa hewa ya joto hutanuka, kama unga wa maandazi uliowekwa karibu na jiko: unga ni uleule, uzito ni uleule, ila umepanda juu ya bakuli. Hewa yetu nayo imeumuka. Ukisimama mita 5,895 kwenye hewa iliyoumuka, kiasi ulichokiacha chini yako ni kidogo kuliko ambacho ungekiacha Ulaya kwa kupanda mita hizohizo. Kilichobaki juu ya kichwa chako ni kingi zaidi, na mgandamizo ni uzito wa hicho kilichobaki.

Jambo hili liliwahi kuwasumbua wataalamu wakubwa kuliko mimi. Jedwali sanifu lilikipa kilele cha Everest milimita 236 za zebaki tu. Kwa mgandamizo huo ilikuwa vigumu kueleza jinsi Reinhold Messner na Peter Habeler walivyofika juu bila mtungi wa oksijeni mwezi Mei 1978. Mwaka 1981 msafara wa utafiti wa kitabibu wa Wamarekani ulibeba barometa hadi kileleni na ikasoma 253. Everest iko karibu na tropiki kuliko jedwali lilivyodhani, na zile milimita 17 za ziada ndizo pumzi ya mtu.

Kwa hiyo, fanya hivi. Utahitaji kikokotoo chenye kitufe cha e kwa kipeo. Kwenye simu nyingi kinatokea ukiilaza simu kwa upande.

Kwanza, kadiria joto la wastani la hewa kati ya bahari na mahali ulipo. Pwani yetu chukua nyuzi 27. Kwa hewa yetu yenye unyevu, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000. Wastani wa safu nzima basi ni 27 toa nyuzi 3 kwa kila mita 1,000. Kwa Uhuru: 3 mara 5.9 ni 17.7, wastani ni nyuzi 9.3.

Pili, jumlisha 273 uipate kwa kelvini: 282.3.

Tatu, zidisha kwa 29.3. Unapata mita 8,271. Hiki ndicho kimo ambacho hewa yote ingefikia kama ingekuwa na uzito mmoja kutoka chini hadi juu; kwa hewa ya joto ni kirefu, kwa ya baridi ni kifupi.

Nne, gawanya mwinuko wako kwa kimo hicho: 5,895 kwa 8,271 ni 0.713.

Tano, weka alama ya kutoa, piga e kwa kipeo hicho: 0.490. Zidisha kwa 1,012. Jibu ni 496.

Ukitumia jedwali la kompyuta, mwinuko ukiwa kwenye kisanduku A1, andika hivi mara moja na usirudie tena:

=1012*EXP(-A1/(29.3*(300-0.003*A1)))

Nimeipitisha kwenye sehemu kadhaa, namba nikazizungusha:

Moshi mjini, mita 890: 914
Entebbe, mita 1,155: 886
Arusha, mita 1,400: 861
Nairobi, uwanja wa ndege, mita 1,624: 839
Mbeya, mita 1,700: 831
Iten, mita 2,400: 765
Mandara, mita 2,720: 736
Horombo, mita 3,720: 652
Kibo, mita 4,720: 576
Uhuru, mita 5,895: 496

Angalia vibanda vitatu vya Marangu: Mandara hadi Horombo unapoteza 84, Horombo hadi Kibo 76. Mita ni zilezile elfu. Na Iten, wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wa Kenya, ina mgandamizo unaokaribiana na ule wa ndani ya ndege ya abiria ikiwa juu, ambao huruhusiwa kushuka hadi sawa na mita 2,400 na ushee. Kuna watu wanaozaliwa, wanasoma na kuoa ndani ya ndege.

Sasa ile 1,020 ya Nairobi. Barometa pale inasoma 838 au 839, namba ya kweli. Lakini kwa ajili ya marubani huteremshwa hadi baharini kwa kutumia anga sanifu, ile ya nyuzi 15. Shimo la kufikirika linajazwa hewa ya baridi na nzito kuliko hewa yetu, na chini yake inatokea 1,020, wakati huohuo Mombasa baharini kabisa inasoma 1,012. Ndiyo maana sikutaka uanzie hapo. Ukiichukua 1,020 na kuipandisha tena kwa hewa ya joto, unapata 845, umekosea kwa 6 bila kujua ulipokosea.

Ukiwa na barometa au namba ya kuaminika ya mahali pa karibu, huna haja ya kurudi hadi baharini. Anza hapohapo. Mfano, Moshi leo ni 914 na joto nyuzi 28. Mandara, mita 1,830 juu yake, ni nyuzi 12. Wastani ni 20, kelvini 293, mara 29.3 ni 8,585. Gawanya 1,830 kwa 8,585 ni 0.213, e kwa kutoa 0.213 ni 0.808, mara 914 ni 739. Safari ni fupi, kosa nalo ni fupi. Hata ukikosea wastani wa joto kwa nyuzi 10 nzima, jibu la Mandara litasogea kwa hPa 5 tu, ila Uhuru ukianzia baharini litasogea kwa 12. Joto lichukue kivulini, na usilichukue saa saba mchana kwenye jiwe lililopigwa na jua, kwani hilo ni joto la jiwe.

Hatua ya 6: Ichunguze saa

Katika nchi za tropiki mgandamizo hupumua mara mbili kwa siku, na kwa saa za Kiswahili ni rahisi kukumbuka: unafika juu saa nne asubuhi na saa nne usiku, unafika chini saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Tofauti kati ya juu na chini ni hPa 3 hivi, wakati mwingine 4. Chanzo kikubwa ni jua linavyopasha anga ya juu, na ni jambo la kila siku, liwe jua liwe mawingu.

Matokeo yake: saa ya mkononi yenye altimita, yaani inayopima mwinuko kwa mgandamizo, ukiiacha mezani Arusha saa nne asubuhi, ukirudi saa kumi jioni itakuambia meza imepanda mita 30. Ukipanda mlima na saa kama hiyo, irekebishe kila unapopita kibao chenye mwinuko. Na ukilinganisha sehemu mbili, soma zote kwa wakati uleule, au fanya kama Périer, acha mtu chini na simu ya pili aandike kila nusu saa.

Hatua ya 7: Hakiki kwa maji yanayochemka

Maji huchemka pale ambapo mvuke wake unaweza kuusukuma mgandamizo wa nje. Mgandamizo ukipungua, yanachemka mapema. Kwa kukadiria, ni nyuzi 1 kwa kila mita 300 na kidogo. Ukiwa na kipimajoto kizuri cha jikoni, geuza namba hivi:

Nyuzi 100: 1,013
Nyuzi 97: 909
Nyuzi 95: 845
Nyuzi 93: 785
Nyuzi 90: 701
Nyuzi 88: 650
Nyuzi 85: 578
Nyuzi 82: 513
Nyuzi 80: 474

Chemsha maji safi, yasiwe na chumvi, yatokote kwelikweli. Ncha ya kipimajoto izame lakini isiguse kitako cha sufuria, maana kitako kina joto kuliko maji. Soma baada ya dakika mbili, mshale ukiwa umetulia. Kwanza kijaribu kipimajoto chako mahali unapopajua: Dar kikisoma 98 kwenye maji yanayotokota, jua kina upungufu wa 2 na uubebe nao mlimani.

Kibo maji huchemka kwenye nyuzi 85. Ndiyo maana chai ya kule haikolei hata ungeongeza majani, na ndiyo maana wagumu, wale wabebaji na wapishi wa mlimani, hawajisumbui kupandisha maharage makavu huko. Wali wenyewe hubaki na kiini. Presha kuka inatatua kwa sababu inajiongezea mgandamizo wake juu ya ule wa nje.

Wapanda milima wa karne ya 19 walikadiria kimo kwa barometa na kwa kipimajoto cha maji yanayochemka. Ramani za enzi ya Wajerumani zilikipa kilele cha Kibo, yaani Uhuru ya leo, mita 6,010. Leo tunaandika 5,895. Tunaweza kucheka, lakini mita 115 kwenye hewa ile ni hPa 7 tu, au zaidi kidogo ya theluthi ya uzi mmoja kwenye joto la kuchemka. Jaribu kusoma theluthi ya uzi huku upepo unapiga na mvuke umefunika kioo.

Hatua ya 8: Hakiki kwa chupa

Hii ndiyo ninayoipenda, na haina umeme wala betri. Pengine umeiona nusu yake: pakiti ya krispi iliyonunuliwa Moshi hufura Horombo kama mto, na chupa ya maji iliyofungwa juu hukunjamana ikifika chini. Ile hewa iliyofungiwa ndani imebeba mgandamizo wa mlimani. Unaweza kuupima.

Chukua chupa ngumu yenye kifuniko cha kukaza. Ya kioo au ya plastiki nene, si zile laini za maji ya dukani, kwa sababu zikishakunjamana hazirudi umbo lake. Iwe imekauka kabisa ndani. Nyumbani ijaze maji hadi mdomoni uyapime ujue ujazo wake wote, kisha ikaushe tena. Juu, iache wazi dakika kumi nje, kivulini, mbali na jua na mbali na kifua chako, halafu ikaze kifuniko na uandike joto la hewa.

Ukifika chini, izamishe kwenye ndoo ya maji mdomo ukitazama chini, uiache robo saa ipate joto la maji, na upime joto hilo. Fungua kifuniko chini ya maji. Maji yataingia kwa kishindo. Usiitoe bado: ipandishe na kuishusha mpaka maji ya ndani na ya nje ya ndoo yalingane, maana kila sentimita moja ya tofauti ni hPa 1. Hapo funga, toa, na upime maji yaliyoingia.

Tuseme chupa ni ya mililita 1,000, uliifunga Horombo kwenye nyuzi 8, maji ya ndoo Moshi ni nyuzi 24, na yaliyoingia ni mililita 245. Hewa sasa imebaki kwenye mililita 755. Mgandamizo wa Horombo ni 914 mara 0.755, mara 281 kwa 297, yaani joto la juu kwa joto la chini, yote kwa kelvini. Jibu ni 653. Hesabu ya joto ilitupa 652.

Mara nyingi hutapata karibu hivyo. Kifuniko kikivuja kidogo njiani utapata namba kubwa mno, na tone la maji lililobaki ndani kabla ya kufunga linaongeza mvuke unaokudanganya kwenda upande huohuo. Beba chupa mbili. Zikipishana kwa zaidi ya hPa 15, moja imevuja, na iliyovuja ni ile inayotoa namba kubwa.